Matadi: Mlango wa Bahari na Watu wa Bara

Jambo kwenu jamaa mlioacha nyumba na mashamba yenu, ambao mnatusikiliza leo chini ya maturubai au katika vyumba vya ndugu waliowapokea. Jambo kwenu wakuu wa vijiji, wakuu wa mitaa na wazee wa mabaraza ya kimila wa Yahuma, Isangi, Opala, Ubundu na hapa Kisangani.

Mama mmoja alimtuma mtoto wake atuletee swali, limeandikwa kwenye kipande cha karatasi ya daftari. Anauliza: "Ninyi kila juma mnatufundisha amani. Mbona hamtuelezi kwa nini chumvi inapanda bei bunduki zikilia mahali ambapo sisi wenyewe hatujawahi kukanyaga?" Mama, swali lako ni la historia, na ndani yake mna swali la sheria. Ili kulijibu inatupasa kwenda mbali, mpaka Matadi, kwenye bandari ya bahari ambayo wengi wetu tutaishi na kufa bila kuiona, lakini imo katika kila chungu kinachochemka jioni hii.

Tuanze na ramani, kwa maneno tu kwa sababu redio haina ukuta wa kuitundika. Kongo ni nchi kubwa sana, lakini pwani yake haifiki kilomita 40. Mto wetu ni barabara nzuri kutoka Kisangani hadi Kinshasa, kilomita 1,734 ambazo meli na barji hupita. Baada ya Kinshasa mto unageuka. Unaingia katika mawe na maporomoko, na hakuna chombo kinachoweza kuteremka. Maporomoko hayo yanakwisha karibu na Matadi, na kutoka Matadi hadi Bahari ya Atlantiki zimebaki kilomita 150 hivi, ambazo meli za bahari zinaweza kuzipanda, ingawa kwa taabu. Kwa Kikongo neno matadi maana yake ni mawe.

Kwa hiyo Matadi ni mahali ambapo mzigo hubadilisha mgongo. Gunia la chumvi linatoka katika meli ya bahari, linapanda gari la moshi au lori hadi Kinshasa, linashuka katika barji, linapanda mto kwa majuma mengi na kupita Bumba, Lokutu, Isangi, mpaka Kisangani. Pale Lokutu mtu wa Yahuma analipokea kwenye libongo, analifunga kwenye baiskeli na kulisukuma kwa njia ya msitu. Mkono mmoja ukiachia katika mlolongo huo, mikono mingine yote inabaki mitupu. Anayeumia zaidi ni yule wa mwisho kabisa, na huyo wa mwisho ni sisi.

Lakini Matadi haikuwa mlango wetu tangu zamani. Lugha hii ninayosema nanyi ni ushahidi wa mlango mwingine. Kiswahili hakikuja Kisangani kutoka magharibi. Kilikuja na misafara ya Zanzibar, kupitia Tabora na Nyangwe, na bandari yetu ya bahari wakati huo ilikuwa upande wa mashariki, mbali sana, kwa miguu. Pembe za ndovu zilikwenda huko, na watu waliofungwa kamba walikwenda huko vilevile. Hatuna ruhusa ya kusahau hilo kwa kuwa tu tunaipenda lugha.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Mwezi wa Februari 1887, Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa njia ya mashariki, alipanda meli Zanzibar pamoja na Stanley na mamia ya Waswahili. Alikuwa amekubali kuwa gavana wa Stanley Falls, yaani Kisangani yetu, kwa niaba ya Leta ya Mfalme Leopold. Badala ya kufuata njia ya mashariki aliyoizoea, walizunguka Afrika yote ya kusini kwa bahari, wakashuka Banana mwezi wa Machi, wakapanda hadi Matadi, wakatembea kwa miguu kando ya maporomoko, kisha wakapanda mto hadi huku. Safari ile moja inaonyesha historia ikigeuza uso. Hata bwana wa njia ya Zanzibar alirudi kwake kwa mlango wa Matadi. Miaka michache baadaye Leta iliwapiga vita Waarabu na Waswahili wa huku, na mlango wa mashariki ukafungwa kwa bunduki.

Njia ile aliyopita Tippu Tip kwa miguu, kutoka Matadi hadi pale panapoitwa leo Kinshasa, ndiyo inayotupasa kukaa nayo kidogo. Tarehe 26 Februari 1885, Mkataba wa Berlin ulikuwa umetangaza kwamba mto Kongo utakuwa huru kwa meli za mataifa yote. Mimi nilisomea sheria, na ninawaambia kwamba kwenye karatasi yalikuwa maneno mazuri. Bendera zote zilipewa uhuru wa kupita. Lakini ambaye shingo yake ilibeba mzigo hakupewa uhuru wa kukataa. Kwa kuwa meli hazingeweza kuvuka maporomoko, kila kitu kilibebwa kichwani, mzigo wa kilo 30 hivi kwa mtu mmoja, majuma matatu au zaidi njiani. Hata meli zenyewe zilivunjwa vipande, zikabebwa na wapagazi, zikaunganishwa tena juu ya maporomoko. Wakuu wa vijiji vya Wakongo walidaiwa watu, na wasipowatoa, vijiji vilichomwa au wake zao walishikwa. Vijiji vilivyokuwa kando ya njia vilihama na kuingia msituni. Ninyi mliohama mnajua maana yake: shamba lililoachwa, mbegu zilizopotea, mtoto anayezaliwa njiani.

Stanley aliitwa Bula Matari, mvunja mawe, kwa sababu ya miamba aliyoivunja ili kutengeneza njia. Baadaye watu waliita serikali yenyewe kwa jina hilo. Leta ikawa Bula Matari. Jina la bandari na jina la Leta yalitoka katika mawe yaleyale.

Reli ilianza kujengwa mwaka 1890, chini ya kampuni iliyoongozwa na Mbelgiji Albert Thys. Kilomita chache za kwanza kutoka Matadi, katika korongo la mto Mpozo, zilichukua zaidi ya miaka miwili. Wafanyakazi waliletwa kutoka Senegal, Sierra Leone, Zanzibar, visiwa vya Barbados, na hata Wachina kutoka Macao. Waliuawa na malaria, kuhara, baruti na uchovu. Wengine walitoroka. Gari la moshi la kwanza lilifika Léopoldville mwezi wa Machi 1898. Hesabu rasmi ya waliokufa ilikuwa Wazungu 132, na watu 1,800 wa Afrika na Asia. Ninasema hesabu rasmi. Anayekufa baada ya kutoroka haandikwi na karani.

Reli ilipofika, mapagazi ya njia ile yalikwisha, na hilo lilikuwa jema. Lakini wakati huohuo bandari ikapata koo pana zaidi. Mpira uliokamuliwa kwa nguvu katika misitu ya bonde la mto ulishuka sasa kwa haraka hadi baharini.

Hapa ninawaomba wakuu wa vijiji wasikilize kwa makini, kwa sababu ni jambo ninalolipenda sana katika historia hii yote. Huko Antwerp, Ubelgiji, kulikuwa na karani kijana wa kampuni ya meli, jina lake Edmund Morel. Kampuni yake ilihudumia njia ya Kongo. Hakuwa amekanyaga Kongo. Kazi yake ilikuwa kuangalia meli na kusoma hesabu. Akaona kwamba meli zinazotoka kwetu zinafika zimejaa mpira na pembe za ndovu. Akatazama nini kinarudi. Bidhaa za biashara zilikuwa chache sana; kilichorudi kwa wingi kilikuwa bunduki na risasi, na maofisa. Basi akajiuliza kama mfanyabiashara yeyote sokoni angejiuliza: ikiwa watu wanatoa mali nyingi hivi na hawapokei bidhaa, wanalipwa nini? Akapata jibu. Hawalipwi. Wanalazimishwa. Aliacha kazi mwaka 1901, mwaka 1904 akasaidia kuanzisha chama cha kupinga utawala ule, na mwaka 1908 Leopold aliondolewa nchi mikononi, ikawa koloni la Ubelgiji. Wako wengine waliosema kabla yake na pamoja naye, Wakongo waliotoa ushahidi, wamisionari, Roger Casement. Lakini Morel alianzia kwenye daftari la bandari. Kinachoingia, kinachotoka, na tofauti kati ya viwili hivyo. Mtu anayeweza kusoma na kujumlisha anaweza kuuliza swali hilo kwenye gati la Matadi, na anaweza kuliuliza kwenye libongo la kijiji chake.

Ubelgiji ulipochukua nchi, mzigo ulibadilika. Kwa watu wa Yahuma mwaka wa kukumbuka ni 1911. Tarehe 14 Aprili mwaka huo serikali ya koloni ilitia saini mkataba na kampuni ya Lever, ile ya sabuni, iliyounda Huileries du Congo Belge. Kampuni ilipewa nafasi ya kuchagua ardhi ndani ya maduara matano, kila duara lenye nusu kipenyo cha kilomita 60. Duara mojawapo liliitwa Elisabetha, ndiyo Lokutu ya leo, na mashamba yake yanagusa Basoko, Isangi na Yahuma. Tangu hapo mawese ya kwetu yaliteremka mto, yakapanda gari la moshi, yakaingia katika meli Matadi. Sabuni ikarudi kwa njia ileile, na mwenye ngazi akainunua.

Mkataba ule ulikuwa na mambo mengi ndani yake. Kampuni iliahidi hospitali na shule, na mshahara wa chini kwa wafanyakazi. Lakini tazameni waliotia saini: Leta upande mmoja, kampuni upande wa pili. Wenye vijiji hawakuwa kwenye karatasi. Sababu yake ya kisheria ilikuwa amri ya tarehe 1 Julai 1885, iliyosema kwamba ardhi isiyo na mtu ni mali ya Leta. Na nani aliamua kwamba ardhi haina mtu? Mgeni aliyepita akaona msitu. Hakuona shamba lililolazwa ili lipumzike, hakuona mitego, hakuona makaburi. Historia ya bandari ya Matadi na historia ya shamba la nyuma ya nyumba yako, ndugu wa Yahuma, ziliandikwa na wino mmoja.

Kati ya 1923 na 1932 hivi reli ya Matadi ilipanuliwa, kwa kazi za kulazimishwa tena, na maelfu wakafa tena. Mwaka 1935 serikali ikaunda shirika la umma, Otraco, likapewa reli, bandari na meli za mtoni pamoja. Hilo ninalihesabu kuwa jambo kubwa. Kwa mara ya kwanza mlolongo wote, kutoka bahari hadi Stanleyville, ulikuwa na mwenyewe mmoja, na mwenyewe huyo alikuwa Leta. Shirika lilijenga magati, winchi na maghala. Matadi ikawa mji.

Ikawa pia mji wa wafanyakazi. Vita ya pili ya dunia ilipokuja, Kongo iliombwa kutoa zaidi ya kila kitu: shaba, mpira, mawese. Bei za vitu zilipanda, mishahara ikabaki chini. Mwezi wa Novemba 1945 watu wa Matadi waligoma. Askari walipiga risasi, wafanyakazi wakafa. Miaka kumi na mitano kabla ya uhuru, watu waliokuwa wakibeba mali ya nchi mgongoni walikuwa tayari wamekwisha sema neno lao.

Uhuru ukafika tarehe 30 Juni 1960, na hapa ndipo swali la mama linapoanza kupata jibu. Siku kumi na moja tu baadaye, tarehe 11 Julai, meli za kivita za Ubelgiji zilipiga mizinga Matadi, Wazungu wengi wakiwa wamekwisha ondoka. Habari ilipita kwa redio za jeshi kutoka kambi moja hadi nyingine, kila kambi ikiongeza chumvi, na maasi ya askari yakasambaa mahali ambapo palikuwa bado pametulia. Ninalitaja hili kwa sababu sisi pia ni redio. Neno linalosemwa bila kupimwa linaweza kusafiri mbali kuliko risasi. Mwezi wa Machi 1961 askari wa Kongo walipambana Matadi na askari wa Sudan waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa, wakawafukuza, na Umoja wa Mataifa ukapoteza kwa muda bandari ambayo vifaa vyake vingi vilipitia. Tangu mwanzo, kila mwenye bunduki alielewa kwamba anayeishika Matadi anaushika mto wote kooni.

Miaka iliyofuata nitaipita haraka. Mwaka 1964, Agosti hadi Novemba, Stanleyville ilikuwa mikononi mwa Simba, na wazee wanayo yao ya kusimulia. Mwaka 1971 Otraco ikawa Onatra. Mwaka 1975 vita vya Angola vilifunga reli ya Benguela, na shaba ya Katanga ikategemea zaidi njia ya taifa: reli hadi Ilebo, mto hadi Kinshasa, reli hadi Matadi. Mwaka 1983 daraja kubwa lililojengwa na Wajapani lilifunguliwa Matadi, lenye urefu wa mita 722, likatengenezwa liweze kubeba reli ya kwenda Banana. Reli hiyo haikujengwa. Daraja limesimama, lina nafasi ya treni isiyokuja. Wakati huo Onatra ilizeeka bila kutunzwa: winchi zilisimama, meli zilioza, mishahara ilichelewa, na mfanyakazi asiyelipwa akajilipa mwenyewe kwenye gunia la mteja. Simlaumu peke yake. Aliyekula kichwa cha samaki alikuwa juu zaidi.

Sasa tuje mwaka 1998, ambao hata kijana wa miaka thelathini na kitu anaukumbuka au amesimuliwa na mama yake. Tarehe 4 Agosti ndege zilibeba askari kutoka mashariki hadi Kitona, karibu na bahari. Katika siku chache walishika Matadi, kisha Inga, na Kinshasa ikakosa umeme. Bandari na umeme vilikuwa mikononi mwa wapiganaji wasiofika hata mwezi mmoja nchini upande ule. Angola iliingia vitani, wakaondolewa. Lakini tarehe 23 Agosti Kisangani ilianguka upande mwingine, na mto ukakatwa katikati. Chini kulikuwa na serikali, juu kulikuwa na waasi na majeshi ya Rwanda na Uganda.

Ninyi mlioishi hapa mnajua kilichofuata. Barji hazikuja. Matadi ilikuwa wazi, meli za bahari zilishusha chumvi na madawa, lakini kwetu hayakufika. Mawese ya Lokutu na mpunga wa Isangi havikuwa na pa kwenda. Bei ya ngazi ilikufa mkononi mwa mkulima, na bei ya chumvi ikapaa mkononi mwa mnunuzi, siku moja, katika nyumba moja. Baadhi ya bidhaa zilikuja kwa ndege kutoka Uganda, zingine kwa vijana wa baiskeli waliosukuma mizigo mamia ya kilomita kupitia njia za matope. Bandari yetu ikawa tena upande wa mashariki, Mombasa, kama enzi za Tippu Tip, na kama enzi zile, njia ile ilipitia mikononi mwa wenye bunduki. Almasi zilitoka, risasi zikaingia. Kijana wa Antwerp angeitambua hesabu hiyo mara moja.

Majeshi yale mawili ya kigeni yakapigana hapahapa mjini, Agosti 1999, tena Mei, tena tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, siku sita. Maelfu ya makombora yaliangukia nyumba zetu. Kwa nini Kisangani? Kwa sababu nyingi, lakini mojawapo ni ile inayofanya mji uwepo: hapa mto unaanza kubeba meli, hapa ni mwisho wa mkono wa Matadi.

Mwaka 2001 misafara chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa ilianza kupita, na mwaka 2003, baada ya makubaliano ya kugawana madaraka, mto ulifunguliwa kwa biashara. Mama, hilo ndilo jibu la sehemu ya kwanza ya swali lako. Chumvi yako inapita mikono mingi katika njia moja ndefu. Bunduki ikilia popote kwenye njia hiyo, kila mkono unaongeza bei ya hofu yake, na hofu zote hizo unazilipia wewe.

Na leo? Mwaka 2009 Onatra iligeuzwa kuwa kampuni ya biashara, ikapewa jina la SCTP, lakini hisa zake ni za Leta. Tangu 2017 kampuni ya Ufilipino inayoitwa ICTSI, pamoja na washirika wake, inaendesha gati jipya Matadi kando ya lile la zamani. Tarehe 31 Januari 2022 jiwe la msingi la bandari ya maji marefu liliwekwa Banana, kwa mkataba na DP World ya Dubai. Sababu yake inaeleweka. Njia ya mto chini ya Boma hujaa mchanga, meli kubwa haziwezi kupanda hadi Matadi, na mizigo yetu mingi imezoea kushushwa kwanza Pointe-Noire, nchi ya jirani, ndipo ihamishiwe katika meli ndogo. Watu wa Matadi wanaogopa kubaki na mawe yao tu. Hofu yao ni ya haki, na inafaa wajibiwe kwa karatasi na tarakimu, si kwa hotuba.

Sasa niseme kama mwanasheria, kwa kuwa ndicho nilichosomea. Tunaposema bandari ya umma, watu wawili wanasikia maneno mawili tofauti. Mmoja anasikia: ni ya Leta, basi ni ya mkubwa aliyeko pale. Mwingine anasikia: ni ya wote, basi hakuna mwenyewe, nichukue. Wote wawili wanaibomoa. Kitu cha umma kina mwenyewe, ndio sisi wote, na kina masharti yanayoandikwa na kujulikana kabla mtu hajafika na mzigo wake. Mwaka 2002, tarehe 28 Machi, serikali ilitoa amri iliyotaja huduma nne tu zinazoruhusiwa kufanya kazi mipakani, pamoja na bandari za bahari: forodha, ukaguzi wa bidhaa, uhamiaji, na afya. Nne. Sababu ya amri ile ni kwamba walikuwa wamejaa wengine, kila mmoja na muhuri wake. Amri ilihusu mipaka, haikuhusu libongo la ndani ya nchi, lakini mwenye balenyere anayelipa mara saba kati ya Lokutu na Kisangani ana haki ya kuuliza swali lilelile: wewe ni huduma gani, ushuru huu umeandikwa wapi, risiti yangu iko wapi? Aulize kwa adabu, na asiulize peke yake.

Na libongo lenyewe? Ninajua vijiji viwili ambavyo vimegombana juu ya mahali pa kuegesha mitumbwi, kila kimoja kikisema babu yake ndiye aliyekata mti wa kwanza pale. Huenda wote wanasema kweli. Babu mmoja alikata mti, mwingine aliegesha mtumbwi. Haki ya ardhi ni jambo moja, haki ya kupita ni jingine. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 34, inalinda mali iliyopatikana kwa sheria au kwa mila. Kifungu cha 30 kinampa kila mtu haki ya kutembea nchini. Wazee wa pande zote wanaweza kukaa na kuandika: ardhi ya juu ya ukingo ni ya fulani, maji na njia ya kushukia ni ya wote, na anayefagia libongo analipwa kiasi hiki. Kuandika ukurasa mmoja ni kazi ya asubuhi moja, mkianza kabla panga halijatoka.

Maana panga likitoka tunajua linakofika. Tangu Februari 2023, ng'ambo ya kushoto kule Lubunga, kisha Ubundu na Opala, ndugu zetu wa Mbole na wa Lengola waliuana kwa mgogoro ulioanza juu ya ardhi iliyotolewa kwa shughuli za kilimo. Wengi wenu mnaonisikiliza mlikimbia moto huo. Sitahukumu hapa nani alianza, mahakama ipo. Ninachotaka kusema ni kwamba swali la 1885 lilirudi likiwa na nguo mpya. Nani aliamua kwamba ardhi haina mtu? Nani alitia saini, na nani hakuitwa?

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya Leta, na watu wengi husimama hapo na kukata tamaa. Lakini sheria hiyohiyo, kuanzia kifungu cha 193, iliweka sharti kwamba ardhi ya vijijini isitolewe kwa mwombaji kabla ya uchunguzi kufanyika palepale. Mchunguzi alipaswa kuhakikisha mipaka kwa macho yake, kuhesabu watu waliopo au wanaofanya kazi pale, kuandika misitu, mito na njia zilizomo, na kusikiliza malalamiko ya watu kwa midomo yao wenyewe. Mwaka 1911 hakuna mtu wa Lokutu wala wa Yahuma aliyepewa nafasi ya namna hiyo. Shida ni kwamba mara nyingi uchunguzi huo umefanyika mezani, chini ya mwembe wa ofisi, na mkuu mmoja akaitwa kutia kidole bila kujua karatasi inasema nini.

Wakuu wa vijiji, msitie kidole kwenye karatasi ambayo haijasomwa kwa sauti mbele ya watu, kwa lugha wanayoisikia. Ombeni nakala. Na ninyi mliohama, kuwa mbali na shamba hakuligeuzi kuwa ardhi isiyo na mtu. Andikeni sasa, mkiwa hapa, majina ya majirani wa mipaka yenu yote, mto uliopo, mti uliopo, makaburi ya nani, na mwaka mlioondoka. Wenye majina hayo wawe mashahidi, hata kama ni wa kabila mnalogombana nalo, maana jirani wa mpaka ndiye anayeujua mpaka.

Juma lijalo, saa hii hii, tutasoma pamoja vifungu hivyo vya uchunguzi, neno kwa neno, kwa Kiswahili na kwa Kilingala. Wenye nakala za zamani za mikataba, ramani au risiti za libongo walete ili zisomwe, watarudishiwa palepale.